Kelele za Kibodi Nyumbani kwa Mama Ndeshi

Kabla hujaniuliza kibodi ipi ni nzuri, niambie kwanza nyumbani kwenu unakaa na nani. Najua swali hilo linawaudhi. Wengi mliokuja dukani kwangu pale Moshi mjini mlikuwa mmeshaangalia video, mmeshachagua hadi rangi ya taa, halafu anatokea mzee mwenye sweta la kufuma anakuuliza habari za bibi yako. Kijana mmoja alinijibu, "Babu, mimi nimekuja kununua kibodi, sijaja kuposa." Nilicheka naye, nikamuuzia, akaenda zake.

Siku hizi duka nimelifunga, nipo nyumbani na migomba yangu, lakini simu hamjaacha kupiga. Babu Kibodi, nichukue ya waya au isiyo na waya? Babu Kibodi, mausi hii ina vitufe pembeni, ni vya nini? Basi nimekaa niwaandikie yote kwa mara moja, kama ninavyoyakumbuka, na mtanivumilia nikirukaruka. Ndani yake mtakuta habari ya kibodi moja iliyochaguliwa kwa nia njema kabisa, ikakaribia kumtoa mama mmoja kwenye kihamba chake, shamba la ukoo alimozikwa mume wake. Kibodi hiyo niliiuza mimi.

Sikuanzia kwenye kompyuta. Nilianza kama fundi wa taipureta katika ofisi moja ya kahawa hapa mjini, iliyokuwa na chumba kizima cha wapiga chapa. Ukifungua mlango asubuhi, kelele zilikupokea kabla hujasalimia mtu. Wageni walikuwa wanaziba masikio. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza, na hadi leo nikizikumbuka moyo unanienda mbio kidogo.

Mkuu wa chumba kile alikuwa Mama Ndeshi, mwenyeji wa Old Moshi, mwanamke mrefu, mkali, mwenye sauti ndogo. Hakuhitaji kubwa, maana alisikia kila kitu. Alikuwa anaweza kuwa amekaa mezani kwake, ametupa mgongo, anasoma barua, mara aseme, "Mashine ya dirishani, utepe umelegea." Nikienda kutazama, kweli umelegea. Alimjua kila mpiga chapa wake kwa mlio. Dada mmoja akiwa ameamka na huzuni, Mama Ndeshi alijua kabla hajamwona uso, akampelekea chai.

Nilipofika pale nilikuwa natengeneza mashine bila kujua kupiga chapa. Nakaza skrubu, napaka mafuta, nabonyeza herufi mbili tatu kwa kidole kimoja, naondoka. Siku moja akanizuia mlangoni.

"Eliapenda, wewe unaweza kupika mtori usiuonje?"

"Nimeijaribu mashine, mama. Ni nzima."

"Umeidonoa kama kuku. Rudi ukae."

Akanikalisha, akafungua kitenge alichojitanda, akanifunika mikono yote miwili pamoja na mashine ili nisizione herufi. Wale dada walicheka mpaka wakaacha kazi. Majuma mengi nilikaa chini ya kile kitenge kila nilipomaliza matengenezo, na nikajifunza kuandika kwa vidole vyote. Nilibaki na kasoro moja tu, ambayo hakuweza kuniondolea. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, kile kinachopiga herufi a, kina nguvu ambazo sijui kilizitoa wapi. Na mnajua Kiswahili chetu kinavyopenda a. Karatasi zangu zilitoka zimetoboka kila mstari.

"Unaitoboa tena," alikuwa akisema bila kugeuka. "Hiyo a imekukosea nini?"

Kwa hiyo somo langu la kwanza nililipata chini ya kitenge, na ndilo nililowapa nyote mlioingia dukani. Ukitaka kuchagua kibodi, fumba macho. Weka vidole juu yake, andika jina lako, jina la mama yako, na uongo wowote unaoupenda. Macho yatakudanganya, yatapenda mataa. Vidole havijui mataa. Sikiliza kitufe kirefu cha kuachia nafasi, kile cha chini katikati, kibonyeze kushoto, kulia na katikati. Kikigonga upande mmoja na kulegea upande mwingine, irudishe rafuni, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kuna kibodi za kawaida, ambazo ndani yake mna karatasi laini ya mpira. Hizo ni nyepesi, hazina kelele nyingi, na kwa kazi za ofisini za hapa na pale zinatosha kabisa. Msidharau. Halafu kuna zile ambazo kila kitufe kina springi yake peke yake, na hizo ndizo wacheza gemu mnazozililia. Zina aina zake kwa rangi. Zile za bluu zinalia tak tak kila unapobonyeza, za nyekundu zinateleza kimya, za kahawia ziko katikati. Mwenye gemu za kukimbia na kupiga risasi mara nyingi hupenda nyekundu. Mwenye kuandika kutwa nzima hupenda kuhisi kitufe kimeitika, na huyo nilikuwa nampa za kahawia au za bluu. Kama ni ya gemu, bonyeza vitufe vitatu au vinne kwa pamoja uone kama vyote vinapokelewa. Nyingine zinapokea viwili, cha tatu zinakimeza, na wewe unashangaa kwa nini mtu wako kwenye skrini hakimbii huku anaruka.

Mausi nayo ina watu wake. Alikuja kiongozi wa wapanda mlima mmoja, jitu la miraba minne, viganja vyake vimepasuka kwa baridi ya huko juu. Alikuwa amejinunulia mausi ndogo ya kupendeza, akilalamika kuwa mkono unamuuma hadi kwenye kiwiko. Nilimwambia aweke mkono mezani. Vidole vilining'inia mbele, kiganja kimebaki nyuma hewani, ile mausi haionekani. Nikampa kubwa yenye mgongo. Akaishika, akasema, "Mzee, hii imenisalimia." Tangu hapo namwambia kila mtu hivyo hivyo. Weka mkono wote, ulegeze bega, na kama kuna sehemu ya kiganja inajishikilia yenyewe, hiyo mausi si yako. Isiyo na waya ni nzuri kwa meza ndogo, ila mcheza gemu anayekasirika upesi achukue ya waya, maana betri huchagua kuisha wakati anashinda.

Na mkae mbali na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Desemba, ndugu wakishapanda kutoka Dar na Arusha, kila kihamba kina pipa la pombe na kila meza ina kata, na mimi nilikuwa naijua Krismasi imefika kwa harufu ya kibodi zinazoletwa. Jamaa mmoja aliniletea yake imefungwa kwenye jani la mgomba, akaapa kwamba ni maji. Niliifungua, ulezi umekauka chini ya vitufe vyote. Nikamwambia maji ya kwenu yana baraka sana. Kama umemwagia, chomoa waya hapo hapo, igeuze kifudifudi, ivue vitufe, isafishe kwa maji safi kidogo, iache ikauke siku kadhaa. Usiianike juu ya jiko la kuni. Wapo walioanika.

Sasa nirudi kwa Mama Ndeshi.

Kompyuta zilipoingia ofisini, taipureta zilibebwa stoo na mimi nikazifunika kwa magunia ya kahawa. Mama Ndeshi alijifunza kompyuta upesi kuliko vijana, lakini hakuipenda. "Naandika halafu sijui kama nimeandika," aliniambia. Haukupita muda mrefu akastaafu, akapanda zake Old Moshi, na mimi nikaacha kazi nikafungua duka. Tulikuwa tunaonana kwenye misiba na harusi. Kila akiniona ananikamata kile kidole kidogo, anakibana, tunacheka. Niliumia sana niliposikia macho yake yameingia ukungu mpaka haoni.

Miaka ikapita, nikiwa karibu kufunga duka, akaja binti yake wa mwisho, Manka. Alikuwa ameacha maisha yake ya Dar arudi kumtunza mama. Kazi yake ilimruhusu. Alikuwa anasikiliza vikao vya watu vilivyorekodiwa, amevaa visikizi masikioni, anaandika kila neno kwenye laptopu. Kibodi ya ile laptopu ilikuwa imeanza kufa. Alitaka nyingine ya nje, imara, pamoja na mausi, kwa sababu jioni mojamoja na Jumamosi alikuwa anacheza gemu na marafiki zake aliowaacha Dar. Alisema ndiyo baraza yake iliyobaki.

"Ila iwe kimya kabisa, mjomba," aliniambia. "Mama anahitaji kupumzika. Akina mama wa usharika kila wakija wananikumbusha, mgonjwa apewe utulivu. Hata mimi mwenyewe natembea na soksi."

Nyie wa huku mnajua tulivyo. Mzee akiugua, nyumba nzima inanong'ona. Redio inazimwa, watoto wanatumwa kwa jirani, hata mbwa anafokewa kwa sauti ya chini. Ndiyo heshima yetu, na mimi niliiheshimu. Nilimchagulia kibodi ya springi nyekundu, nikaivisha mipira midogo ndani ya vitufe ili isigonge, na mausi ambayo ukibonyeza husikii kitu. Nilijivunia ile kazi. Nilimwambia, "Huyo mama hatajua hata kama kuna mtu anafanya kazi humo ndani." Nilisema maneno hayo hayo, na nilikuwa nacheka.

Baada ya kama miezi miwili alinipigia simu analia. Mama yake alikuwa haachi kuita. Manka, uko? Manka, umeenda wapi? Manka yuko chumba cha pili mlango wazi, amevaa visikizi, hasikii. Akivua ili amsikie mama, hawezi kufanya kazi. Siku hiyo Mama Ndeshi aliita, hakujibiwa, akainuka kumtafuta. Alitoka mlango wa nyuma, akapita kwenye migomba akipapasa, na jirani akamkuta amesimama ukingoni mwa mfongo, ule mfereji wetu wa maji, mguu mmoja umelowa. Kaka yake Manka, Kundaeli, alipopata habari aliamua mara moja. Akija Desemba na familia yake, wakirudi Dar wanarudi na mama. Nyumba ingefungwa.

"Na mama anasemaje?" nikamuuliza.

"Hasemi. Tangu ameambiwa, anakwenda kukaa nje upande wa kaburi la baba."

Sikuweza kuuza kitu siku ile. Nilijiuliza nimsaidieje, na sikuona njia, maana mimi ni mtu wa kibodi na hilo lilikuwa jambo la ukoo. Nikasema angalau nimwangalizie laptopu, maana alikuwa amelalamika vilevile kuwa baadhi ya herufi zinajirudia. Kesho yake nikapanda Old Moshi, na kwenye begi nikatia kibodi yangu mwenyewe ya dukani, ya springi za bluu, ile niliyokuwa nawajaribia watu. Nilitaka kujua tu kama kosa ni la laptopu au la kibodi.

Niliingia kwa hodi ya chini. Manka akaniamkia kwa kunong'ona. Mama Ndeshi alikuwa chumba cha pili, kwenye kiti chake, blanketi magotini, na tulipopita mlangoni akageuza uso. "Nani huyo?" Manka akajiwekea kidole mdomoni kuniashiria, akamwambia, "Ni mgeni wangu, mama, pumzika." Tukaendelea. Na hapo ndipo niliposikia ile nyumba. Ng'ombe walishauzwa. Watoto wote wako mjini. Zulia limetandikwa hadi mlangoni. Hapakuwa na kitu chochote kinachoonyesha kwamba mtu anaishi, na nilihisi baridi ambayo si ya mlima.

Nikachomeka kibodi yangu, nikaanza kuandika ili nijaribu. Niliandika nilichozoea kuandika, majina ya vijiji, majina ya ndugu. Ilipiga kelele, na Manka alishtuka akataka kunishika mkono. Kabla hajanifikia, sauti ndogo ikatoka chumba cha pili.

"Unaitoboa tena."

Niliacha kuandika.

"Eliapenda," akasema. "Mbona umenyamaza? Andika."

Nikaandika. Niliandika muda mrefu, sijui hata nini, na Manka alikuwa amesimama katikati ya milango miwili akitutazama kwa zamu. Mama yake alikuwa ameegemea kiti, mdomo umefunguka kidogo, anasikiliza. Hakuuliza nani yuko wapi. Nilipokwenda mwishowe kumwamkia, akaitika marahaba, akakibana kile kidole.

"Humu ndani wananifichia watoto wangu," akaniambia. "Nasikia upepo tu. Nadhani kila mtu ameondoka, naanza kuwatafuta."

Manka alipiga magoti pale pale, akalia kama mtoto, akimwambia, "Mama, nilikuwepo, siku zote nilikuwepo." Mama Ndeshi alimpapasa kichwa, akasema, "Basi piga kelele, mwanangu, nijue."

Ile kibodi sikurudi nayo. Ya kimya niliibeba mimi, nikaja kumuuzia kijana mmoja wa bweni ambaye wenzake walikuwa wanataka kumfukuza chumbani. Manka alinieleza baadaye kuwa mama yake alikuwa anamfuata kwa masikio kutwa. Mlio ukikatika, anasema, "Amekwenda kuweka chai," na mara nyingi ilikuwa hivyo. Jumamosi, Manka akicheza gemu, mama alikuwa anajua anashindwa kwa jinsi anavyopiga, anamwambia kwa sauti yake ile ndogo, "Pole, taratibu." Zulia likakunjwa. Soksi zikabaki, kwa sababu ya baridi.

Lakini Kundaeli hakuwa amebadili nia. Alipanda Desemba na gari lake, na siku ya kuondoka mzigo wa mama ulikuwa umeshapakiwa garini. Walinialika siku hiyo kwa sababu ya undugu wa kazi, nikakaa kwenye benchi la nje na bakuli la mtori. Kundaeli ni mtu mzuri, msimchukie. Alikuwa na hofu ya ule mfereji, na mimi ningekuwa mwanawe ningekuwa nayo.

"Mama, Dar nimekuandalia chumba," alimwambia mbele yetu sote. "Kimya, kina feni, hakuna wa kukusumbua."

Mama Ndeshi aligeuza sikio kuelekea dirishani. Ndani, Manka alikuwa amekimbilia kazini ili asishuhudie, na kibodi yake ilikuwa inalia tak tak tak bila kupumzika, kwa kasi ya mtu anayelia huku anaandika.

"Unasikia?" akamuuliza mwanawe.

"Nini, mama?"

"Mdogo wako ana huzuni. Nenda kampelekee chai."

Kundaeli akaingia jikoni, akatoka na kikombe, akaingia kwa dada yake. Mlio ukakatika. Tulisubiri, na Mama Ndeshi alikuwa ametulia kabisa, hakuita mtu. Baada ya muda kibodi ikaanza tena, safari hii polepole, na Kundaeli akatoka macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akaushusha mzigo wa mama na kuurudisha ndani. Siku iliyofuata alijenga uzio wa mbao kati ya migomba na mfongo, ndipo akashuka Dar na familia yake kama walivyokuja.

Kwa hiyo, wanangu, fumbeni macho mkichagua, bonyezeni vitufe vinne kwa pamoja, wekeni kiganja chote juu ya mausi. Mengine yote mtayakuta kwenye video zenu. Mimi bado naenda Old Moshi nikipata nafasi. Nikiondoka, Mama Ndeshi hanisindikizi tena kwa uzee, anabaki kitini kwake akisikiliza, ila Manka anarudi kwenye kazi yake, na nikishuka kile kijia naendelea kumsikia akiandika nyuma ya migomba, hadi ninapofika penye maji ya mfongo.